Bwawa la kuogelea kwenye baridi kali: usilikaushe

Ukipanga bajeti ya bwawa la nyumbani kwa watu wa Minnesota kule Marekani au Canada, lazima utamsikia mtu akisema winta ikikaribia toa maji yote, yakiganda yatalipasua. Inaingia akilini kabisa, kwa sababu maji yakiwa barafu kweli yanatanuka kama asilimia 9, ila kwa bwawa lililochimbwa chini ushauri huu ndio unaoleta hasara.

Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, hayo ni maji tani 48 na ndiyo yanayolikandamiza lisinyanyuke, sasa ukiyatoa, maji ya ardhini theluji ikiyeyuka yanalisukuma toka chini linapanda juu kama mtumbwi, kuta zinapasuka, na kulirudisha chini ni kazi ya kuanza upya.

Kinachopasuka kwa barafu hasa ni mabomba, pampu na filta, maana humo maji yamebanwa hayana pa kutanukia. Kwa hiyo kinachofanyika ni kushusha maji kidogo tu chini ya matundu ya kuingizia maji bwawani, kupuliza mabomba kwa kompresa, kuziba, na kufunika na kava imara.

Hela ya kazi hiyo, na ya kulifungua tena msimu wa joto ukifika, iandike kila mwaka. Wengi wanaandika ya kuchimba tu, halafu Oktoba fundi anapiga simu.