Ukiambiwa "toka" na somo yako, usitoke kwanza

Juzi nilikuwa nyumba moja huku Ngamiani, Tanga, namfanyisha mazoezi bibi mmoja wa kiharusi, mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta ila unakuja, mdomo ndo kazi. Kabla sijakaa bintiye kanivuta uani, "Dokta, mama kamfukuza shoga yake." (Mimi sio dokta, ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, nishachoka kusahihisha.)

Hawa wawili wanaitana somo toka usichana, enzi zile Black Star na Lucky Star zinaitikisa Tanga kwa taarabu, wao wanashona sare wanakwenda. Wamecheza upatu pamoja, wamezaliana, wamezikiana waume. Basi somo kaja kumwona mgonjwa, kabeba uji kwenye chupa, kapiga hodi, kavua ndala, mwenzie kamtazama usoni kamwambia "Toka!" Karudia tena, toka, toka, na mkono wake mzima unapunga. Mtu mzima kuambiwa toka mbele ya wakwe za watu! Kaiweka chupa chini kaondoka, wiki ya tatu hiyo hajarudi.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wengi lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndo unaoendesha mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo ukiona kulia kumelala, maneno nayo yaangalie. Maneno yakivurugika hivyo tunaita afasia. Sio ulimi mzito, hiyo ni shida nyingine, hapa mtu anakwenda kuchukua neno anarudi na la jirani yake, anataka "kaa" linatoka "toka", anataka chai anasema chumvi, ndiyo inakuwa hapana. Mara nyingine mwenyewe anasikia kakosea, anapandisha hasira, analirudia lilelile. Wengine hata wanachoambiwa hawakipati vizuri, inategemea pameumia wapi. Ila hajawa chizi, na hajarogwa.

Halafu yapo maneno yanayotoka yenyewe bila kuyatafuta: kuhesabu, salamu, dua, nyimbo, na matusi. Haya mara nyingi yanabaki. Ndo maana mtu anashindwa kuomba maji lakini Alhamdu anaisoma mpaka mwisho, na ndo maana mama mpole wa miaka yote anaporomosha tusi nyumba nzima ikanyamaza. Watu wanasema "hayo ndo yalikuwa moyoni". Jamani, hapana! Hiyo kauli inaniuma kuliko huo mkono uliolala.

Nikaomba ruhusa kwa binti nikamfuata somo kwake. Kanikaribisha vizuri, kahawa, kashata, halafu anachezea ncha ya kanga anasema, "Miaka yote hii kumbe alikuwa ananivumilia tu." Nikamweleza niliyoyaeleza hapo juu. Hakuna aliyewaambia, wodini walitoka na karatasi ya dawa za presha na tarehe ya kurudi basi.

Nikamwambia ukienda zima redio, kaa mbele yake, uliza kitu kimoja kimoja, kama ni chai au uji vishike vyote viwili aonyeshe kwa kidole, halafu nyamaza, hesabu kumi kimoyomoyo, usimmalizie neno na usimsemeshe kitoto.

Watoto wake wanampenda sana ila wanamjua kama mama tu, ya ujana wake hawana. Somo anayo. Alhamisi kaenda, kakaa, kaanza kuguna tuni ya wimbo wao wa zamani bila maneno, na yule ambaye wiki nzima kanipa maneno mawili kaukamata ubeti kauimba mpaka mwisho, machozi yanamtoka. Wimbo sio dawa, naomba nieleweke, kuimba leo sio kwamba kesho ataagiza samaki sokoni Deep Sea, ila tuni tunaitumia kweli, wapo wanaopandia humo mpaka kwenye sentensi fupi fupi. Miezi ya mwanzo ndo mtu anarudi haraka zaidi, baadaye taratibu lakini hakukatiki.

Mimi nafungasha vitu vyangu, mgonjwa kampigia somo kiganja kwenye mkeka pale ubavuni kwake, kamwambia, "Toka."

"Haya natoka," anasema somo, huyo anasogea kukaa, "nipishe hilo liguu lako."