Bundi mweupe huwinda kwa masikio

Ukiutazama uso wa bundi mweupe, ule wenye umbo la moyo, kwa hakika unatazama chombo cha kusikilizia. Manyoya magumu yaliyouzunguka hukusanya sauti na kuielekeza kwenye matundu ya masikio yaliyofichika kando ya macho. Matundu yenyewe hayalingani: la kushoto liko juu kuliko la kulia. Sauti ya upande mmoja hutangulia kufika kwenye sikio la upande huo. Inayotoka chini husikika zaidi kwa sikio la kushoto, inayotoka juu kwa la kulia. Kwa tofauti hizo ndogo bundi hujua panya yuko wapi hasa.

Roger Payne, aliyekuja kujulikana baadaye kwa kuchunguza nyimbo za nyangumi, alilithibitisha jambo hili katika chumba chenye giza totoro kilichotandazwa majani makavu. Bundi alimnasa panya bila kumwona. Kisha Payne akaburuta bonge la karatasi juu ya majani, na bundi akalivamia vilevile. Karatasi haina harufu ya panya wala joto la mwili. Ina mchakacho tu. Sijui jaribio jingine la ndege linalonivutia kuliko hili, kwa wepesi wake na kwa jinsi linavyomaliza ubishi.

Mabawa nayo yana ncha laini kama mahameli, hivyo hayavumi. Wengi husema ni kwa ajili ya kumvizia panya. Ni kweli, lakini pia humwezesha bundi kuendelea kumsikia panya huyo akiwa bado angani.

Ulaini huo una gharama. Manyoya hulowa upesi, na kelele za mvua humeza mchakacho wa panya. Mvua ikishika siku kadhaa, kiota kizima hulala njaa.

Jike hutaga mayai 4 hadi 6, kila moja siku 2 au 3 baada ya jingine, na huanza kuatamia tangu la kwanza. Kwa hiyo kifaranga mkubwa humzidi mdogo hata kwa wiki mbili, na chakula kikipungua sana wadogo ndio hufa. Kikiwepo cha kutosha, mambo ni tofauti kabisa: huko Uswisi, Alexandre Roulin na wenzake wameonyesha kwamba wazazi wakiwa mawindoni, vifaranga huitana kwa zamu. Mwenye njaa zaidi hulia zaidi, na aliyeshiba kiasi hunyamaza, akamwachia mwenzake panya atakayeletwa. Wakubwa wengine hata huwalisha wadogo zao.