Je, wajua kwanini watoto wa pweza fulani wanafugika kwenye akwariamu na wengine wanakufa tu?

Mtu ananunua pweza mmoja anamweka peke yake kwenye tangi, miezi inapita hakuna pweza mwingine aliyetia mnyiri humo ndani, alafu siku moja anachungulia kwenye kapango anakuta mayai, na baadae watoto hao wanatoka. Sio muujiza. Pweza jike anaweza kukutana na dume akaitunza ile mbegu mwilini kwa miezi, akaja kuitumia akishapata pahali pa kutulia. Mwaka 2024 iliwakuta familia moja huko Oklahoma, Marekani, walidhani wamemnunulia mtoto wao pweza dume, kumbe jike, wakajikuta na watoto kama 50 hivi ndani ya nyumba.

Sasa wale walikuwa na bahati ambayo wengi hawana, na bahati yenyewe ilikuwa kwenye saizi ya yai. Hapo ndo mchezo mzima ulipo.

Kuna pweza wanaotaga mayai madogo sana lakini mengi kupita maelezo. Pweza wa kawaida, Octopus vulgaris, yai lake lina urefu wa milimita 2 hivi na jike mmoja anataga laki na zaidi. Mtoto anayetoka humo bado hajawa pweza wa kutambaa, ana milimita 3 tu, kila mnyiri una vikombe vitatu vya kunatia basi, na wiki zake za kwanza anaelea na maji pamoja na planktoni, yaani vile viumbe vidogo vidogo vinavyochukuliwa na maji, huku anawinda viluwiluwi vya kaa. Mlete huyo kwenye akwariamu ya sebuleni uone. Filta inamvuta, anagonga kioo, anakimbilia upande wenye taa anarundikana na wenzake, na chakula anataka kiwe hai na kinachocheza. Watu wengi wanamimina artemia, wale vijidudu vya kuangua kwenye maji ya chumvi, na watoto wanakula kweli, ila wanakufa huku wamekula! Artemia ina upungufu wa mafuta fulani ya omega 3 ambayo hawa watoto wanayahitaji kwa wingi ili mwili na ubongo vijengeke. Hata kampuni kubwa zenye maabara zimehangaika na hili miaka na miaka, kwahiyo ukishindwa nyumbani usijilaumu.

Alafu kuna wanaotaga mayai makubwa, machache. Octopus bimaculoides, yule wa California mwenye madoa mawili ya bluu, yai lake linafika sentimita 1 na kuzidi, limejaa kiini, mtoto anakaa humo muda mrefu anamalizia kukua. Akitoka ni pweza kamili ila mdogo kama punje, anatambaa, anabadili rangi, ukimkera anatoa wino kama mtu mzima, kawingu kadogo kama nukta ya kalamu. Hao wa Oklahoma ndo walikuwa aina hii.

Kufugika sio kwamba ni kazi rahisi lakini. Watoto wa pweza wanakulana wenyewe kwa wenyewe, tena bila aibu, kwahiyo ukipata 50 maana yake uwe na vyombo 50, kila mmoja na kikopo chake chenye matundu madogo maji yapite, vyote vimekaa ndani ya mfumo mmoja. Humo unamwekea kigamba au kijiwe ajifiche maana asiyekuwa na pa kujificha hali chakula vizuri. Siku za mwanzo wengine hawagusi kitu kwasababu bado wana akiba ya kiini, baada ya hapo wape vikamba vidogo vilivyo hai, na wakizoea unaweza kujaribu kipande cha kamba aliyekufa kwenye ncha ya kibanio, ukitikise taratibu mpaka akirukie. Kilichobaki kitoe haraka, kikioza amonia, ile sumu ya uchafu kwenye maji, inapanda na mtoto wa pweza haivumilii kabisa. Na dawa za samaki zenye shaba usithubutu, japo cha ajabu damu ya pweza yenyewe inabeba oksijeni kwa kutumia shaba ndo maana ni ya bluu, ila shaba ikiwa kwenye maji inamuua.

Mama usimtegemee kulea. Yeye kazi yake ilikuwa mayai, anayapulizia maji safi usiku na mchana, anayapangusa na vikombe vyake, hali chakula, anakonda, rangi inafifia, na watoto wakishatoka anakufa. Sio ugonjwa wala kosa la mfugaji, ni tezi iliyo karibu na macho inayomzima. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliwatoa majike tezi hizo, wakaacha mayai wakarudi kula na wakaishi zaidi.

Yupo mmoja asiyefuata mkumbo, pweza mdogo wa mistari Octopus chierchiae, wa kukaa kiganjani, huyo anataga, anaangua, anakula, anataga tena. Mayai yake ni makubwa kulingana na mwili wake, na watafiti wa Woods Hole, Marekani, wameshamlea maabara kizazi baada ya kizazi. Kumpata tu ndo shughuli.