Mashine Haioni Maiti

Tangu makaburi ya msitu wa Shakahola, walimozikwa kwa siri wafuasi wa mhubiri mmoja, yaanze kufukuliwa mwaka 2023, hapa Malindi kila baraza ina mtaalamu wake. Miili zaidi ya 400 ilitolewa katika msitu ule, na kila jioni swali lilikuwa lile lile: si walete mashine wamulike ardhi, wamalize? Swali si la kijinga, ila jibu lake ni refu kidogo. Tuyapime yasemwayo barazani, moja moja.

"Rada huonyesha maiti kama eksirei." Haionyeshi. Rada ya ardhini husukumwa taratibu kama toroli. Hupeleka mawimbi ya redio chini, kisha hupokea yale yanayorudi yakikutana na badiliko: unyevu, jiwe, uwazi, udongo uliolegea. Kwenye skrini utaona mistari na vijilima, wala si mifupa. Mtaalamu anatafuta ardhi iliyovurugwa, maana udongo ukishachimbwa huchukua miaka mingi kushikana tena ulivyokuwa. Mzizi mnene au shimo la mnyama humdanganya vizuri tu. Mashine humwambia pa kuanzia kuchimba; kuthibitisha ni kazi ya mwiko na brashi, halafu ya DNA.

"Kifaa cha kusaka chuma kinatosha." Kwa bunduki au panga lililofukiwa, sawa. Lakini maiti aliyevikwa sanda akazikwa bila jeneza hana hata msumari. Katika kaburi la mwanandani, uwazi ulio chini ya viunza, mbao zinazomfunika maiti, huweza kurudisha wimbi la rada, maadamu haujajaa mchanga. Kaburi la siri, la kuchimbwa usiku mbiombio, halina hata uwazi huo. Hapo hupimwa jinsi ardhi inavyopitisha umeme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walizika nguruwe badala ya watu, wakapima kwa miaka. Aliyezikwa wazi alitoa majimaji yanayopitisha umeme kwa urahisi. Aliyeviringishwa turubai alizuia umeme. Kwa hiyo turubai pekee laweza kugeuza jibu juu chini.

"Iliyofaa kule itafaa na Lamu." Hapa ndipo wengi wanapopotea, na si watu wa baraza peke yao. Panda vilima vya mchanga vya Shela: mchanga mkavu, rada inashuka mita kadhaa bila taabu. Shuka hadi kwenye mikoko, mwendo mfupi tu, na kifaa kile kile kinakuwa kipofu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kinachopitisha umeme humeza mawimbi ya redio. Katika maji ya bahari yanakufa kabla hayajafika mbali. Udongo wa mfinyanzi wenye maji nao una tabia hiyo. Ukisikia mtu ameahidi kuburuta rada juu ya mkondo wa Lamu atafute aliyezama, mwulize kwanza kama ameonja maji yale.

Baharini kazi ni ya sauti. Sona hutuma mlio, ambao majini hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, kisha huchora sakafu ya bahari kutokana na mwangwi. Haihitaji mwanga, kwa hiyo tope la Sabaki linaloipaka ghuba yetu rangi ya chai wakati wa mvua haliisumbui kama linavyomsumbua mpigambizi. Mara nyingi kinachofichua kitu ni kivuli chake, pale sauti isipofika. Miamba ya matumbawe, sasa, ni vivuli vitupu.

"Maiti huibuka siku ya tatu." Wakati mwingine, ndiyo: maji yetu ni ya moto, na gesi hujaa mwilini upesi. Lakini aliyenaswa katika mizizi ya mikoko au wavu hasubiri hesabu hiyo, na kwenye kina kirefu shinikizo la maji huibana gesi. Gari lililoteleza kutoka feri ya Likoni Septemba 29, 2019, watu wakishuhudia, lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Na hapo mahali lilipoangukia palijulikana.

Kwa aliyepotea baina ya Manda na Shela hapajulikani. Kabla mashua ya sona haijaanza kwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, wanaomtafuta huhitaji saa aliyoonekana mara ya mwisho, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, na kama ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Hayo anayo nahodha aliyeketi gatini.