Mvulana na msichana hawaanzi kuvuta kwa sababu moja

Ninapoalikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu tumbaku na sigara za kielektroniki, walimu na wazazi huwa wamekwisha kupata mchawi: makundi mabaya. Hawakosei kabisa, ila maelezo hayo yanamhusu mvulana zaidi kuliko msichana, na kwa kuwa elimu yetu nyingi ya shuleni imejengwa juu yake, nusu ya darasa hukaa ikisikiliza habari za watu wengine.

Chukua takwimu za Kenya. Utafiti wa mwaka 2013 kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 ulionyesha kwamba asilimia 12.8 ya wavulana na asilimia 6.7 ya wasichana walikuwa wakitumia bidhaa za tumbaku. Mwaka uliofuata, utafiti wa watu wa miaka 15 na zaidi ulikuta asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake. Kwa hiyo, katika utafiti huo wa pili kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara nne ya kile cha wanawake, ilhali kwa wanafunzi pengo halifiki hata mara mbili. Wapo wanaozisoma tarakimu hizo na kujifariji kwamba wasichana ni wachache. Mimi hunitia wasiwasi, kwa sababu naamini kilichowazuia mama zao kwa sehemu kubwa ni aibu ya kuonekana wakivuta, wala si ujuzi wa madhara.

Mvulana kwa kawaida huanza mbele ya macho ya watu. Hununua sigara moja kibandani, huiwasha kwa kiberiti cha gesi kilichoning'inizwa kwa kamba pembeni ya dirisha, na wenzake wanamtazama kama atakohoa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza pia kuifungua pakiti ili kuuza sigara moja moja, lakini biashara hiyo haijafa. Anachokitafuta mvulana pale ni kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa, na picha hiyo ya uanaume haikuzuka yenyewe: Marlboro, tunayoihusisha na mchunga ng'ombe juu ya farasi, ilitangazwa tangu miaka ya 1920 kama sigara laini ya wanawake, ikageuzwa kuwa ya kiume katikati ya miaka ya 1950.

Kwa msichana, ushawishi wa rafiki upo, lakini mara nyingi huambatana na mambo mawili ambayo mvulana huyataja kwa nadra zaidi: umbo la mwili na mzigo wa moyo. Nikotini hupunguza hamu ya kula, na kampuni za tumbaku zililitumia jambo hilo zamani sana. Mwaka 1968 Philip Morris ilizindua Virginia Slims, sigara nyembamba iliyotangazwa kwa wanawake kwa lugha ya uhuru na wembamba. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulionyesha kwamba kati ya 1967 na 1973 kiwango cha wasichana wa miaka 12 walioanza kuvuta kiliongezeka kwa asilimia 110, na ongezeko kama hilo halikuonekana kwa wavulana. Tangazo lililomlenga mwanamke mzima lilikuwa limemfikia mtoto.

Kuhusu mzigo wa moyo, utafiti wa kitaifa wa wanafunzi wa Marekani wa mwaka 2021 una somo zuri. Walipoulizwa kwa nini walijaribu sigara za kielektroniki mara ya kwanza, jibu lililoongoza lilikuwa kwamba rafiki alikuwa akizitumia; lakini kwa nini wanaendelea kuzitumia, jibu la kwanza, la asilimia 43.4, lilikuwa wasiwasi, msongo au huzuni. Mwaka huohuo, katika utafiti mwingine wa shule za sekondari za huko, wasichana waliotumia vifaa hivyo walifika takriban asilimia 21 dhidi ya 15 ya wavulana. Sidai kwamba msongo peke yake ndio uliopindua mizani, lakini anayemhubiria msichana wa aina hiyo habari za makundi mabaya hajagusa kidonda.

Mwili nao una sehemu yake. Wanawake huivunjavunja nikotini haraka kuliko wanaume, kwa mchango wa homoni ya estrojeni. Katika utafiti wa jimbo la Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, muda wa wastani wa kati tangu kuanza kuvuta kila mwezi hadi dalili za kwanza za utegemezi ulikuwa siku 21 kwa wasichana na siku 183 kwa wavulana. Utafiti mmoja hautoshi kuwa kanuni. Hata hivyo, unatosha kunizuia kumwambia mzazi kwamba binti yake anajaribu tu.

Hapo ndipo vepu, yaani sigara ya kielektroniki, inaponitisha. Haiachi harufu ya moshi kwenye sare, ina manukato ya embe au mnanaa, na nyingine zina umbo la flashi ya kompyuta, hata hukaa kwenye kikasha cha kalamu bila mwalimu kushtuka. Ile aibu ya kuonekana haina kazi tena. Inabaki aibu ya kusema, ambayo humfanya msichana asitafute msaada hata anapoona hawezi kuacha.

Kwa sababu hiyo nimeacha kuwauliza wasichana kama wamewahi kuvuta sigara. Anayetumia shisha au vepu hujibu hapana, na kwa fikra zake hasemi uongo. Nataja kifaa kimoja kimoja, kisha nauliza analala vipi, anakula vipi, na ni saa ngapi ya siku anapokitamani zaidi.