Je, Kolajeni ya Kopo Huimarisha Mifupa?

Chukua mfupa wa paja la kuku, uusafishe, kisha uuloweke kwenye siki kwa siku kadhaa. Ukiutoa, utaupinda kama mpira na hautavunjika. Siki imeyeyusha madini, na ulichoshika ni kolajeni. Mwingine uchome hadi uwe mweupe: sasa kolajeni imeungua, madini yamebaki, na ukiubonyeza unasagika kama chaki.

Kwa hiyo wauza makopo ya unga wa kolajeni hawasemi uongo wakisema mfupa umesukwa kwa kolajeni. Shida ni safari ya kutoka kijikoni hadi mfupani. Kolajeni ni protini, na ikifika tumboni hukatwakatwa kama nyama au maharage. Asidi amino zinazopatikana, yaani matofali yanayojenga protini, huingia kwenye damu, mwili ukazitumia popote penye uhitaji. Ingekuwa kila kiliwacho huenda kwa mwenzake, wenye vipara wangekula nywele!

Lakini hadithi haiishii hapo. Vipande vidogo vya kolajeni, vya asidi amino mbili au tatu, huponyoka vikaingia kwenye damu vikiwa bado vimeshikana. Wapo wanaodhani vipande hivyo huziamsha seli zinazojenga mfupa. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wanawake 131 waliokwisha kukoma hedhi, wenye mifupa iliyoanza kupungua. Baadhi walipewa gramu 5 za kolajeni kila siku kwa mwaka mzima, wengine unga usio na kolajeni. Msongamano wa madini kwenye mifupa ya uti wa mgongo na shingo ya paja (sehemu nyembamba ya mfupa wa paja karibu na nyonga) uliongezeka kidogo kwa waliopata kolajeni.

Mimi siruki kwa furaha bado. Waliomaliza jaribio walikuwa 102 tu. Tena kilichopimwa ni msongamano wa madini mfupani, ilhali anachoogopa mgonjwa ni kuvunjika nyonga akianguka bafuni, na hilo jaribio halikulipima. Anayetumia dawa za mifupa alizoandikiwa na daktari asiziache kwa ajili ya kopo.

Halafu mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo. Wanaanga hula vizuri na hufanya mazoezi kila siku, lakini miguu yao haina uzito wa kubeba, na wengi wamerudi duniani wakiwa wamepoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi waliokaa huko juu.