Shahada ya kwanza ya sheria: mwanasheria bado si wakili

Shahada ya kwanza ya sheria ni masomo ya chuo kikuu, kwa kawaida ya miaka 4, yanayomfunza mtu kusoma sheria, kuifasiri na kuitumia kwenye shauri lililo mbele yake. Anayehitimu ni mwanasheria. Wakili ni mwanasheria aliyeendelea na mafunzo ya vitendo, akakubaliwa, akaapishwa. Wazee wengi Unguja na Pemba huyachanganya haya, kijana akatarajiwa kuvaa joho mara tu apatapo cheti. Tanzania Bara njia hupitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Zanzibar ina utaratibu wake, chini ya Jaji Mkuu wake.

Tofauti hiyo ya Bara na Zanzibar ina asili. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria zake, na mahkama zake hadi Mahkama Kuu. Mahakama ya Rufani ni ya Muungano, lakini hata hiyo haisikilizi mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi, wala tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Tuseme mwenye shamba la mikarafuu huko Wete amefariki. Warithi wakigombania mafungu, hiyo ni mirathi, na Waislamu huenda Mahkama ya Kadhi. Jirani akisogeza mpaka, shamba ni lile lile lakini mlango ni Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka: wamekariri vifungu, hawakujiuliza kwanza mahkama ipi ina mamlaka. Na hukumu ya mahkama isiyo na mamlaka ni batili, hata iwe na hoja nzuri namna gani. Basi jibu la mtihani lianze na swali linalobishaniwa, lifuate sheria inayohusika, kisha sheria hiyo ipimwe kwa ukweli wa shauri lenyewe. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye alama nyingi, na ndiyo inayorukwa.

Kazi zipo hata bila uwakili: mwanasheria wa wizara, uandishi wa miswada, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mikataba ya benki na hoteli, msaada wa kisheria vijijini. Anayeuwania ukadhi anahitaji elimu ya sharia pia. Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, hufundisha zote mbili.

Jambo moja husahauliwa: vitabu vingi ni vya Kiingereza, ilhali mteja na shahidi husema Kiswahili. Fanya mazoezi ya kumweleza bibi yako kifungu kwa maneno yake.